Dakika Saba za Kumzungumzia Mke Wangu

Mke wangu ndiye aliyekuwa anaongea. Naanzia hapo kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Mwenye nyumba akija na maneno, mke wangu ndiye aliyetoka nje. Mteja akikataa geti nililomchomelea, akidai halijanyooka, mke wangu alikuja karakana na kamba yenye jiwe, akaining'iniza, akamwonyesha kwamba ni ukuta wake ndio umelala upande. Mimi nilichomelea tu. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi. Umevaa miwani nyeusi, mashine inanguruma, na hakuna anayetegemea useme kitu.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini, wakati nyumbu bado walikuwa wanapita nyuma ya nyumba tulizopanga. Watu wa Nairobi walikuwa wanaanza kununua ploti, na kila aliyenunua alitaka geti kwanza, nyumba ataifikiria baadaye. Nimeweka mageti yaliyosimama miaka mingi bila ukuta, geti peke yake kwenye nyasi, limefungwa kwa kufuli. Mke wangu aliyacheka mpaka akatoka machozi. "Swara akifika hapo atabisha hodi," alisema.

Yeye alikuwa Mmaasai, kwao nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mimi ni Mkamba, na Kimaasai changu kilikuwa cha salamu tu. Siku ya harusi mama yake alinipa kondoo. Kwao, aliyetoa kondoo na aliyepokea hawaitani tena kwa jina, kila mmoja humwita mwenzake Paker, na jina hilo ndilo la heshima. Pia mkwe hakai karibu na mama mkwe, wala hali chakula mbele yake. Watu wengine wa makabila mengine waliooa huko walilalamika juu ya mambo haya. Mimi nilishukuru. Kwa miaka kumi na moja nilisimama mbali kidogo nikasema "Paker", naye akajibu "Paker", na mke wangu akaongea hayo mengine yote, huku akitafsiri pale ambapo hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Mtoto hatukupata. Nalisema ili msomaji asimtafute.

Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku nne. Siku ya kwanza hospitalini daktari aliniuliza alianza kuugua lini, anakohoa vipi, ana mzio wa dawa gani. Kabla sijafungua mdomo mke wangu akajibu kutoka kitandani, pumzi ikimkatika kila baada ya maneno mawili. "Huyo usimuulize, daktari. Hata jina lake mimi ndio humtajia." Daktari alicheka. Mimi pia nilicheka.

Siku ya tatu, jioni, kengele ya kutoa wageni ilipolia, alinishika mkono wa shati. Akasema, "Leo sina nguvu ya kuongea. Sema wewe kitu basi."

Nilitafuta. Mimi nikitaka neno hulitafuta kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka kwenye mchanga, na nikilipata huwa limeshachelewa. Niliangalia chupa ya dawa, nikaangalia dirisha. Blanketi lilikuwa limevutika juu, miguu yake iko nje. Nikaifunika. Muuguzi akasema muda umeisha, nikaondoka.

Asubuhi nilifika na uji kwenye chupa ya chai nikakuta kitanda kimetandikwa.

Sikuwa na shamba la kumzika, nilikuwa nimepanga chumba na karakana. Kaka yake alikuja akasema watamchukua wamzike kwao. Hiyo peke yake ilikuwa aibu ya kunitosha, lakini sikujua nyingine inakuja. Pale mazishini walikodi kipaza sauti, na kaka yake, ambaye ndiye alikuwa akiongoza shughuli, akasema, "Sasa tumsikie mume wa marehemu." Watu wakanigeukia. Nilikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili kama ninavyoshika bomba la geti. Nikasema, "Asanteni kwa kuja. Chakula kiko tayari."

Chakula hakikuwa changu hata kidogo. Ng'ombe alikuwa wao, masufuria yao, na mgeni hapo nilikuwa mimi. Mtu mmoja nyuma alicheka. Dada mkubwa wa mke wangu hakucheka. Alisema, bila kupunguza sauti, "Kumbe dada yangu ameishi miaka yote hiyo na ukuta."

Walipokuwa wakipakua, kaka yake alinifuata kwenye uzio. Mama yao alikuwa amesimama nyuma yake, ule umbali wetu wa siku zote, amejifunga shuka yake, ananiangalia. Hakuwahi kuniangalia hivyo.

"Mama anauliza," akasema yule kaka, "alisema nini mwisho?"

Niliangalia viatu vyangu. "Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia."

Akasema, "Sawa. Mwaka ukiisha tutafanya maombi, tuweke msalaba wa simenti. Siku hiyo utaongea, shemeji. Si lazima iwe ndefu. Lakini sema kitu."

Hakujua maneno hayo ni ya nani.

*

Kilabu ya watu wa kuongea niliikuta kwa sababu ya kazi. Kulikuwa na shule ya chekechea hapa Kitengela iliyonipa kazi ya kuweka vyuma vya madirisha, na jioni moja ya Alhamisi nilibaki nikimalizia bawaba. Watu wazima wakaanza kuingia darasani, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Wakaanza kusimama mmoja mmoja na kuhutubia. Mwanamume mmoja alihutubia juu ya faida za kuamka mapema, na wakampigia makofi kama mbunge. Nilikuwa nje ya dirisha nimeshika nyundo. Sikugonga.

Mzee mmoja Msomali, mwenye duka la vitambaa karibu na steji ya matatu, aliniona. "Warya, fundi," akasema. "Ama uingie ama ugonge. Hapo katikati unatusumbua roho."

Nikaingia.

Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani ya kamba. Alinieleza utaratibu kana kwamba nilikuja kujiandikisha, na labda nilikuwa nimekuja kujiandikisha. Alhamisi moja walitumia Kiingereza, nyingine Kiswahili. Mwanachama mpya husikiliza mara tatu, kisha hutoa hotuba ya kwanza ya kujieleza yeye ni nani. Hotuba ni dakika saba. Yule mzee Msomali alikuwa na kadi tatu za manila. Dakika ya tano huinua ya kijani, ya sita manjano, ya saba nyekundu. Ukiendelea baada ya nyekundu, chumba kizima hupiga makofi mpaka ukae. Kulikuwa pia na mkebe wa majani ya chai, na mtu wa zamu aliyedondosha punje ya mahindi kila uliposema "eeh" ama "yaani". Unaongea huku unasikia ti, ti, ti. Ukimaliza, mtathmini husimama na kusema umefanya nini vizuri na nini urekebishe, na mwisho watu wanapiga kura kwenye vikaratasi wakimchagua msemaji bora. Mshindi huenda nyumbani na kikombe kwa wiki mbili. Kilikuwa kikombe cha plastiki cha kunywea chai, kimefungwa utepe.

Nilihudhuria Alhamisi tatu za Kiswahili bila kusema kitu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini ninataka kujifunza. Muuza bima alisema anataka kuuza bima, mwingine alitaka udiwani. Mimi nilisema nataka kuongea mahali fulani Kajiado, wakadhani ni mambo ya kazi.

Hotuba yangu niliiandika kwenye daftari la mistari, kwa penseli, usiku na usiku. Darasa la saba langu ni la zamani, kwa hivyo nilimpelekea mwalimu aniangalilie. Alirekebisha herufi, akanipanga aya. Halafu pale nilipokuwa nimeandika kwamba mke wangu alifariki, aliongeza sentensi yake kwa wino: *Alikuwa taa ya nyumba yetu, na tabasamu lake halikuzimika hata siku moja.*

"Hapo watu wataguswa," alisema.

Nilimshukuru. Mtu hakatai sentensi ya mwalimu.

*

Jioni yenyewe tulikuwa kama watu kumi na wanne. Mvua ilikuwa imenyesha na matope meusi ya Kitengela yalikuwa yamejaa kwenye kila kiatu, mlangoni viatu vimepangwa kama msikitini kwa sababu mwenye shule hakutaka sakafu ichafuke. Kwa hivyo nilitoa hotuba yangu ya kwanza nikiwa na soksi, na soksi moja ilikuwa na tundu la kidole gumba. Mke wangu hangeniacha nitoke hivyo.

Mwanzo ulienda. Nilisema mimi ni nani, nimezaliwa Machakos, nachomelea. Nilisema habari za mageti bila nyumba, na walicheka. Nilishangaa kusikia watu wanacheka kwa sababu ya kitu nilichosema mimi. Lakini ile ya swara ilikuwa yake, na niliwaambia ni yake, na hapo ndipo nilipofika kwenye wino wa mwalimu.

*Alikuwa taa.*

Niliiangalia ile sentensi. Mke wangu alikuwa na hasira. Alikuwa anaweza kununa siku mbili kwa sababu ya chumvi, ila hata kununa kwake kulikuwa na maneno, alikuwa ananuna kwa sauti. Tabasamu lake lilizimika mara nyingi, na mara nyingine mimi ndiye niliyelizima, kwa kukaa tu pale mezani kama gunia. Nilijiona nikisimama Kajiado nikisema halikuzimika, na watu waliomzaa wakiniangalia. Sikuweza kuisema. Nikasema niiruke. Lakini chini yake hakukuwa na kitu kingine, maana mwalimu alikuwa amefuta yangu ili kupata nafasi ya hiyo yake.

Basi nikasimama.

Kadi ya kijani ilipanda. Niliiona vizuri. Mkebe ulikuwa kimya, maana hata "eeh" sikuitoa. Nje kulikuwa na lori limekwama kwenye matope, gurudumu linazunguka na kunyamaza, linazunguka na kunyamaza. Kadi ya manjano ikapanda. Mwalimu alikuwa akinisukuma kwa macho. Ya nyekundu niliingoja kama mtu anavyongoja gari, kwa sababu nikiiona ningekaa, wangepiga makofi, na yangekwisha. Haikuja.

Mwishowe nikasema, "Alikuwa anaongea sana. Sasa nyumba iko kimya." Nikakaa kwenye kile kiti cha mtoto.

Wakapiga makofi kwa nguvu. Wengine wakasimama. Mama mmoja wa kuuza maziwa alikuwa akijifuta uso kwa leso. Mimi niliangalia tundu la soksi.

Mtathmini wa jioni hiyo alikuwa yule kijana wa bima, mtu mwenye tai hata Jumapili. Alisimama, akavuta pumzi.

"Wanakilabu wenzangu," akasema. "Mimi nimepelekwa mafunzo Nairobi, hoteli kubwa, wiki nzima. Tulifundishwa kupumzika katikati ya hotuba. Unahesabu mpaka tatu, basi, ukizidisha unapoteza watu. Fundi hapa amepumzika mpaka nikasikia moyo wangu! Hiyo ni kipawa. Fundi, ulihesabu mpaka ngapi?"

Watu walicheka, wakaniangalia wakingoja jibu. Niliivuta soksi kufunika kidole. Wakadhani ni unyenyekevu.

Kura zikapigwa, vikaratasi vikafunguliwa. Mwalimu akasoma jina langu na kunyoosha mkono wenye kile kikombe. Wakapiga makofi tena. Nilifika pale mbele, nikakiangalia kikombe, na nikajua kwamba nikikichukua vile nitakuwa nimemfanya mke wangu mchezo.

"Haikuwa kupumzika," nikasema. "Nilikwama."

Mwalimu akashusha mkono wenye kikombe.

"Kuna sentensi ya mwalimu," nikasema. "Ilinishinda. Si ya kweli."

Mwalimu alivua miwani. "Sentensi gani?"

"Ya taa."

"Kwani hakuwa taa ya nyumba?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi alikuwa nini?"

Nilitafuta, na ajabu ni kwamba safari hii nililipata. "Alikuwa redio," nikasema.

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Muuza maziwa alimpiga jirani yake begani, mwenye mkebe akamwaga mahindi. Sikuwa nimetania. Nilimaanisha kwamba ukiingia nyumbani unasikia sauti kabla hujafika mlangoni, na hujali inasema nini, unajua tu kuna mtu, na siku ikikatika ndipo unagundua hukuwahi kukaa bila hiyo. Lakini maneno hayo ninayaandika leo. Siku ile nilikuwa na neno moja tu, na wote walikuwa wanalicheka kwa upendo, na nilijihisi niko mbali nao kuliko nilipokuwa nje ya dirisha na nyundo.

"Fundi!" kijana wa bima alipiga kelele. "Hiyo sasa ndio hotuba! Huko Kajiado anzia hapo. Na kitu kimoja nilisahau kukwambia. Hatujasikia jina la mke wako hata mara moja. Litaje mara tatu, mwanzo, katikati, na mwisho. Watu wakienda nyumbani waende nalo."

Niliona ni shauri zuri. Alikuwa amefundishwa.

Tulipokuwa tunavaa viatu yule mzee Msomali alinisogelea. "Kadi nyekundu nilikalia," akasema chini chini. "Wallahi. Usimwambie mwalimu, ataninyang'anya kazi."

"Nilinyamaza muda gani?"

"Dakika mbili na kitu. Mimi nilidhani unaanguka, nikatoa miguu nje nikudake." Akafunga kamba ya kiatu. "Mke wangu pia alikwenda, miaka sita sasa. Dukani naongea mchana kutwa, mita ngapi, rangi gani. Nyumbani, hapana."

Tulienda pamoja mpaka barabara kubwa, kisha yeye akakata kulia, mimi kushoto.

Kikombe walinipa hata hivyo, nami nikakiweka juu ya meza nyumbani. Angekuwepo, wapangaji wote wa ploti wangejua kabla ya chai, na yeye angekuwa ameongeza kwamba watu walikuwa mia mbili. Nilikaa nikakiangalia. Baadaye nikachukua daftari, nikaandika jina lake mahali patatu, nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza kuliandika tangu fomu za hospitali.

*

Siku ya maombi kule Kajiado kulikuwa na upepo. Hema lilikuwa linapiga kelele, na vijana wawili walishika nguzo zake muda wote. Msalaba wa simenti ulikuwa umewekwa, bado una rangi ya unyevu. Kipaza sauti kilikuwa kile kile, ama ndugu yake.

Mchungaji aliongea. Kwaya iliimba. Dada mkubwa alisoma karatasi iliyochapwa vizuri, na jina la mke wangu lilikuwemo kwenye kila mstari. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, daftari gotini, nikirudia mwanzo wangu kimoyomoyo. Ndipo nilipomwona mama yake. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, na kila jina lilipotajwa alikuwa akivuta shuka juu, kidogo tu, mpaka puani, kama mtu anayejikinga na vumbi. Jina lilipopita alishusha. Likija tena, anavuta. Watoto wake walikuwa na vipaza sauti na karatasi na hawakuwa wanamwangalia.

Nikakumbuka. Mke wangu alikuwa na babu aliyempenda, na miaka yote sikuwahi kulijua jina la huyo babu. Nilimuuliza mara moja. Alisema, "Kwetu wazee hawamtaji aliyekwenda. Mimi nimesoma, ningeweza kukwambia. Lakini mama akinisikia itamuuma." Aliniambia hivyo tukiwa tunapanga vyombo, nami nikasahau, kwa sababu vitu vyake vya kukumbuka vilikuwa vingi na yeye alikuwepo kuvikumbuka.

Niliangalia daftari. Mara tatu, kwa wino mwekundu.

"Sasa shemeji yetu," kaka yake akasema kwenye kipaza sauti. "Mwaka jana alikuwa na majonzi, tulimwelewa. Leo yuko tayari."

Nilisimama. Alinipa kipaza sauti, nikakirudisha mkononi mwake. Nikaliacha daftari kwenye kiti. Nilitembea mpaka mbele ya mama yake nikasimama pale pa siku zote, hatua kama sita, nisimsogelee zaidi.

"Paker," nikasema.

"Paker," akajibu.

Hapo ndipo mke wangu alipokuwa anaanza. Nilingoja, bila kukusudia, kwa mazoea.

Kisha nikasema kwa Kiswahili, polepole, maana anakisikia kikienda polepole. "Mwaka jana uliniuliza. Alisema hana nguvu ya kuongea, akaniambia niseme mimi kitu. Sikusema, Paker. Nilimfunika miguu, nikaenda."

"Sauti!" kijana mmoja akaita kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

"Maiki, shemeji, chukua maiki!" Kaka yake alikuja mbio na kipaza sauti, akakinyoosha katikati yetu. Mama yake alikisukuma pembeni kwa fimbo, vile mtu anavyomfukuza ndama, bila kumwangalia mwanawe. Kikapiga mluzi, watu wakaziba masikio.

Alikaa muda mrefu. Nimekaa kwenye kimya kingi, lakini hicho hakikuwa na kadi, na sikujua kitaisha vipi. Upepo ulikuwa unavuta hema.

"Miguu ilikuwa baridi?" akauliza.

"Ilikuwa baridi."

"Iko baridi tangu mtoto," akasema. "Tangu mtoto. Mimi nilikuwa nafunika, yeye anatoa nje, anaongea. Nafunika, anatoa." Akavuta shuka usoni, na safari hii hakuna aliyekuwa ametaja jina, na hakuishusha mpaka mchungaji alipoomba.

Nilirudi kwenye kiti. Kaka yake aliangalia huku na huku, akaona hakuna cha kutangaza, akaita kwaya. Nyuma yangu niliwasikia wakiulizana. "Amesema nini?" "Hakuna. Amesalimia tu."

Sikula pale, kwa ile desturi yetu. Nilikuwa nimeshafika barabarani nikingoja basi la kutoka Namanga nilipomwona yule dada mkubwa akija kwa haraka, ameshika kibuyu cha maziwa. Alinipa kama mtu aliyetumwa na hapendi.

"Mama amesema uchukue. Na amesema uje tena, hujamaliza." Aliniangalia, kweli kabisa hakuelewa. "Hujamaliza nini?"

"Kuongea," nikasema.

"Wewe?" akasema. "Kwani ulianza?"

Nilifika Kitengela jua likiwa bado liko. Nilifungua mlango, kimya kikanipokea kama kawaida yake. Niliyanywa maziwa kwa kile kikombe cha utepe, kwa sababu ndicho kilikuwa karibu, na yalikuwa na ule uchachu wa kwao ambao mke wangu alikuwa ananicheka ninapokunja uso. Kesho yake nilikisuuza kibuyu nikakitundika kwenye msumari juu ya mlango. Hakiwezi kurudishwa kitupu, ingekuwa matusi. Kwa siku kadhaa, kila nikitoka kwenda karakana, nilikuwa nakiangalia nikijiuliza nitakitia sukari ama majani ya chai, na nikishakitoa mkononi, pale kwenye hatua sita, nitaanza na neno gani.